Santuri gani iko kwenye mtambo wako wiki hii? (Yangu moja sauti inayumba)

mpenda_sebene
Wakuu, wiki hii ni bendi za Simba Wanyika na Les Wanyika, hawa wa pili ndio waliojitenga na wa kwanza mwaka 1978. Zote za inchi 7, spidi 45 (mizunguko 45 kwa dakika). Tafadhali msiishie upande A! Wimbo umegawanywa sehemu mbili: maneno mengi yako A, magitaa yanachanua B. Ila moja sauti inapanda na kushuka kama kaseti inayoishiwa betri. Mkanda unaozungusha mtambo ni mpya. Shida nini?

tundu_kubwa
Inama uutazame mkono wa sindano santuri ikizunguka. Ukipanda na kushuka, santuri imepinda kwa joto. Ukiyumba kushoto na kulia, tundu halikutobolewa katikati, na hiyo inatibika. Tundu la hizo 45 lina upana wa milimita 38 hivi. Toa kile kidude kinachojaza tundu, laza santuri bila kuegemea ule msumari wa katikati ya mtambo, kisha isogeze kwa kidole, nusu milimita tu, upande mkono unakoelea zaidi nje ndio usukume ndani. Inua sindano kila unaposogeza. Na usibandike sarafu juu ya kichwa cha sindano ili itulie. Uzito huo unakula mifereji ya santuri, na ikishaliwa hairudi.

taarab_ya_kale
Huku ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, zile santuri za kale za spidi 78 zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928. Sauti yake bado inakata moja kwa moja, hata chini ya mkwaruzo wote ule.

Mwenye 78 asitumie sindano ya 45. Ncha yake ni kama maikromita (elfu za milimita) 18, mfereji wa 78 unataka kama 75. Ile nyembamba inazama chini kabisa, inaokota uchafu badala ya muziki. Spiriti pia marufuku: 78 nyingi ni za shelaki (utomvu mgumu wa wadudu), na spiriti huiyeyusha.

mpenda_sebene
Na hizi 45 nizisafishe kwa kitu gani?

tundu_kubwa
Maji yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa mvuke, hayana madini), nusu lita, na tone moja la sabuni ya vyombo. Ukinunua dukani kwa mafundi wa magari soma chupa vizuri, "maji ya betri" mengine ni tindikali. Futa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko, usifute kwa kukatisha mifereji. Lebo isiloe. Suuza kwa maji matupu, kausha ikiwa imesimama kivulini.

mpenda_sebene
Nimesogeza mara tatu, mkono umetulia. Gitaa la besi sasa limenyooka. Asanteni sana.