Ushauri: steringi wa sehemu ya kwanza hayupo, mpya anazomewa. Nimuondoeje yule wa kwanza kwenye hadithi?

KijanaWaNgamiani (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Natengeneza filamu za mapigano hapa Tanga. Sehemu ya kwanza tuliipiga kwa hela ya kudunduliza na kamera ya kuazima, tukaenda mpaka mapango ya Amboni. Ilipendwa. Vibanda vya video vya Makorora na Mabawa waliirudia wee. Sasa niko kwenye sehemu ya pili na steringi nimebadilisha. Juzi nikaonyesha vipande vya mwanzo kibandani, vijana wakazomea, wengine wakatoka, wanauliza yule wa kwanza yuko wapi. Nimebakiza pigano la mwisho tu, Raskazone, Jumamosi. Nimuue yule wa kwanza? Nimsafirishe? Usingizi sipati.

TekeLaMgongo
Usimuue kwa maneno. Kickboxer ya 1989 tulimpenda Van Damme. Ya pili, 1991, analetwa Sasha Mitchell, eti mdogo wake, halafu tunaelezwa kwamba Kurt, yule wa Van Damme tuliyemshangilia, kashauawa na Tong Po, adui wa ile ya kwanza. Iliniuma! Kilichoiokoa kidogo ni kwamba Tong Po alibaki Michel Qissi yuleyule, unayemchukia unamjua. Kufika ya nne, 1994, hata Tong Po kabadilishwa. Hapo nikaacha kufuatilia.

BibiWaMkonge
Marehemu mume wangu alikuwa na deki na jenereta, anaonyesha video kwa kiingilio. Alipoleta American Ninja 3, vijana wanamtaka Michael Dudikoff, steringi wa zile mbili za kwanza, wanamwona David Bradley. Wakadai hela yao, wakasema tumewabadilishia kanda! Ilipokuja ya nne wamo wote wawili, Dudikoff na Bradley, mzee akasimama mlangoni anawaita kwa majina wale waliosusa. Tulijaza siku ile mpaka watoto wakakaa chini ya meza ya deki.

MtuWaPangani
Mleta mada, kwanza tuambie yule wa kwanza kapatwa na nini. Anaumwa? Kahama?

KijanaWaNgamiani
Ana mambo yake mkuu. Naomba tujadili hadithi.

Zawadi_Duga
"Ana mambo yake" maana yake hujamlipa.

KijanaWaNgamiani
Dada, sijamdhulumu mtu. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba ikiuza tutagawana. Ikauza, nami nikanunua kompyuta ya kuhariria, ambayo ni faida yetu sote. Yeye akasema harushi teke mpaka apate chake. Ningekaa tu? Akatokea mfadhili, ana duka la vipuri, akatoa hela ya sehemu ya pili kwa sharti kwamba mwanawe awe steringi. Kijana ana mwili, anabeba vyuma. Teke lake halipiti kiuno, lakini tunalikata: uso wake, kisha mguu wa mtu mwingine. Hata huko nje wanafanya hivyo.

SenpaiChumbageni
Wanafanya, ila mara moja moja. Daniel Bernhardt aliyeingia Bloodsport II mwaka 1996 alikuwa anajua kupigana, na bado watu walimpima kwa Van Damme wa ile ya kwanza. Sasa wako asiyejua kabisa? Teke linataka lionekane zima, kuanzia unyayo ulioko chini mpaka kisigino kinapofika shavuni. Weka kamera nyuma ya bega la anayepigwa, ule upenyo kati ya mguu na shavu hautaonekana. Lakini mguu lazima upande. Kamera haiwezi kumpandishia.

UstadhMsambweni
Mtume katufundisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mengine yote yanakuja baada ya hapo.

PopoWaAmboni
Samahani, mimi naona hii chai. Nimezaliwa Amboni. Mle pangoni giza totoro, chini kunateleza, popo kibao. Mrushane mateke na kamera ya kuazima? Na filamu haina jina. Mnajibishana na mtu anayetunga.

TekeLaMgongo
Kweli aisee. Jina liko wapi?

KijanaWaNgamiani
Jina sitaji, mfadhili anasoma humu. Tulipiga mdomoni mwa pango, asubuhi, mwanga ukiingia. Ndani tuliingia kwa kipande kimoja, tumeshika taa za kuchaji. Popo wakatoka kweli. Ukitazama utaona adui anainama kabla hajapigwa. Hatukupanga, nikaacha.

Fundi_Mabawa
Siyo chai. Nimeiona hiyo, adui anainama kweli! Na steringi mwenyewe namjua kwa sura, anaendesha bodaboda pale stendi ya Kange. Juzi kanibeba, nikamuuliza ya pili lini, akasema anasubiri kuitwa.

KijanaWaNgamiani
Alisema anasubiri kuitwa?

Fundi_Mabawa
Ndivyo alivyosema. Hakuongea kwa ubaya.

SenpaiChumbageni
Basi usimuue, mfanye mwalimu wa huyu kijana. The Next Karate Kid ya 1994 ilileta mwanafunzi mpya, Hilary Swank, lakini Pat Morita akabaki kufundisha. Mtoto wa mfadhili ashindwe katikati, mwalimu aje amalizie Raskazone. Watu watapata teke lao, na mzee wa vipuri atamwona mwanawe.

BibiWaMkonge
Safari hii muandikiane mwanangu, na mashahidi wawili. Filamu ni ya wote mlioitolea jasho.

KijanaWaNgamiani
Lakini mfadhili alishaambiwa mwanawe ndiye anamaliza. Keshamnunulia na nguo nyeupe za karate. Na kompyuta siuzi, nikiiuza nitahariria nini? Kesho naenda Kange nimpe nusu, nyingine baada ya Jumamosi. Akikataa naendelea na huyu niliye naye.

Zawadi_Duga
Nusu ya shilingi ngapi? Mpaka sasa hujasema sehemu ya kwanza iliuza kiasi gani.

MtuWaPangani
Tunasubiri hapo.