Glezi ya raku inajikusanya na kuacha mabaka, uji wa rangi unabanduka: tatizo liko wapi?

Udongo_Mbichi

Wakuu, naomba msaada. Nafanya raku, yaani chombo kinatolewa tanurini kikiwa cha moto sana na kufukizwa moshi. Glezi yangu nyeupe (mpako unaogeuka kioo tanurini) ni borati ya Gerstley (madini yanayoyeyusha glezi) 80, nefelini sayenaiti (unga wa jiwe) 20, na juu ya hiyo mia naongeza oksidi ya bati 8. Ikiwa mpya inapakika vizuri. Ikilala kwenye ndoo inaganda kama mtindi, kwa hiyo naongeza maji ili brashi ipite. Ikikauka inapasukapasuka, na tanurini inajikusanya na kuacha mabaka matupu.

Pia uji wa udongo wa rangi ninaoupaka kwenye vyombo vilivyokwisha chomwa mara ya kwanza unabanduka vipande vipande. Na glezi yenye kaboneti ya shaba asilimia 3 inatoka kijani, wakati nataka wekundu wenye mng'ao wa madini. Nachoma hadi nyuzi 980 hivi, kisha chombo kinaingia kwenye pipa la unga wa mbao. Nibadilishe vipimo au uchomaji?

Fundi_Tanuri

Vipimo viache, kosa liko kwenye maji. Borati ya Gerstley huyeyuka kidogo majini, na pia ina udongo laini unaovimba. Vyote viwili hufanya chembe zishikane, ndiyo maana ndoo inaganda hata kama maji hayajapungua. Ukiongeza mengine, glezi inasinyaa mno wakati wa kukauka. Ule ufa unaouona kabla ya kuchoma ndipo glezi inapoachia na kujikusanya moto ukipanda.

Changanya ya kutumia siku hiyo hiyo tu. Kwa gramu 100 za unga anza na maji mililita 80 hadi 90. Mimina unga ndani ya maji, usifanye kinyume chake, uache ulowane, kisha upitishe mara mbili kwenye chekeche la matundu 80 kwa inchi. Ikiganda, ikoroge kwa nguvu kwanza. Mara nyingi inalegea yenyewe bila tone la maji. Futa chombo kwa sponji yenye unyevu kabla ya kupaka, maana vumbi nalo huzuia glezi isishike. Unene uwe milimita 1 hadi 2; chomeka sindano uone.

Kama unataka glezi inayokaa wiki nyingi bila kuganda, hamia kwenye friti, yaani kioo kilichoyeyushwa kikasagwa: friti ya Ferro 3110 sehemu 88, kaolini (udongo mweupe safi) 12, na bentoniti (udongo laini sana unaovimba) 2 ya kuzuia unga usituame chini. Bentoniti ichanganye ikiwa kavu pamoja na unga mwingine, la sivyo inafanya madonge ambayo hayavunjiki. Friti hiyo ina sodiamu nyingi, kwa hiyo ikishachomwa inakupa nyufa nyembamba nyingi, ambazo kwenye raku ni pambo. Jaribu kwenye kigae kwanza, kwa sababu kila udongo una tabia yake.

Kigae_Cheusi

Naongezea kuhusu uji. Chombo kilichochomwa hakisinyai tena, lakini uji mbichi unasinyaa. Lazima ubanduke. Mahali pake ni kwenye chombo kilichokauka nusu, kigumu cha kushikika lakini bado na unyevu, ili visinyae pamoja. Tumia udongo mweupe ule ule wa chombo, uchekeche uondoe vigae vilivyosagwa, halafu ongeza rangi ya kauri asilimia 10 ya uzito mkavu.

Ikibidi upake kwenye kilichochomwa, punguza kinachosinyaa: kaolini mbichi 25, kaolini iliyochomwa 35, friti 20, silika 20, na rangi 10 juu yake. Paka mara mbili, nyembamba.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni moshi. Uji usiofunikwa na glezi hunywa kaboni na rangi yote inageuka kijivu au nyeusi. Ufunike kwa glezi yako hiyo hiyo bila bati, kwa sababu bati ndilo linaloifanya isipitishe mwanga. Na rangi ya kijani yenye kromu usiiweke chini ya glezi ya bati; inaweza kukutolea uwaridi usioutaka.

Moshi_Mzito

Kijani maana yake shaba imepata hewa. Chombo cha shaba kitoke tanurini na kuingia pipani bila kusita, pipa liwe dogo la kukitosha tu, unga wa mbao uwe chini na juu, kifuniko kizibwe kwa mchanga wenye unyevu. Ukifunua kingali cha moto sana, wekundu unarudi kijani mbele ya macho yako.

Glezi nyeupe inataka kinyume: ishike hewani sekunde 20 hadi 40 mpaka usikie inalia *ting, ting*, ndipo uifunike, moshi uingie kwenye nyufa. Kwa hiyo usivitoe vyombo vya aina hizi mbili kwa mwendo mmoja.

Nyuzi 980 ni sawa, ila amini macho kuliko kipimo. Chungulia kwenye kitundu: glezi ikiwa bado ina mapovu, subiri hadi uso ulainike na kung'aa wote. Kazi ya moshi ifanyie nje, na vaa barakoa ya vumbi unapopima unga. Vyombo hivi si vya chakula wala kinywaji. Vinavuja, na shaba inaweza kutoka.

Udongo_Mbichi

Asanteni sana. Ile ndoo niliyokwisha ongezea maji inaokoka?

Fundi_Tanuri

Inaokoka. Usimwage maji yaliyo juu, maana yamebeba borati iliyoyeyuka, na glezi itabaki ngumu kuyeyuka tanurini. Mimina yote kwenye sinia pana, maji yapungue kwa hewa mpaka urudi kwenye uzito wa mwanzo, kisha chekecha upya.