Tupeane uzoefu: umewahi kurekebisha rekodi za jeshi au kudai medali iliyosahaulika?

Mkwaju wa Tanga

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa Waswahili wenzangu tuliovaa gwanda la Marekani, na wa yeyote ambaye mzazi au babu yake alipigana vita, karatasi zake zikabaki na makosa. Nimekuwa nikiulizwa mno pembeni kuhusu DD 214, ile karatasi unayopewa ukitoka jeshini, nikaona bora tuyaweke hapa tusome wote.

Naanza na langu. Niliingia mwanzoni mwa 2013 kupitia MAVNI, ule mpango uliochukua wageni wasio na grini kadi kwa sababu ya lugha zao, na Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Nikawa dereva wa malori. Mwaka 2014 nilikaa Afghanistan miezi 9, nikiendesha misafara kutoka Bagram. Machi 2017 mkataba ukaisha. Siku ya mwisho karani alinisogezea karatasi, akanionyesha kwa ncha ya kalamu pa kutia saini. Nje mke wangu alikuwa garini, mtoto analia, magodoro yamefungwa kamba juu ya paa. Nikatazama jina. Nikatazama kisanduku namba 24, kile kinachosema umeachiliwa kwa heshima au la. HONORABLE. Nikasaini, nikaondoka.

Miaka miwili makosa yale yalikaa kabatini kwangu sijui. Naomba kazi ya serikali kuu, mama wa ofisi ya ajira ananiuliza: "Umeandika ulikuwa Afghanistan. Mbona hapa pana sifuri?" Kisanduku 12f, muda wa kutumikia nje ya nchi, sifuri tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisanduku 13 cha medali, Afghanistan Campaign Medal haipo. Army Commendation Medal, niliyovishwa mbele ya kikosi kizima, nayo haipo. Nilikaa pale kitini mwili umenifa ganzi, kama mtu aliyeshikwa na uongo wakati nasema kweli.

Na asije mtu akasema hizo ni sifa tu. Kwenye ajira za serikali kuu, sisi tulioingia baada ya Agosti 2010 tunapata zile pointi 5 za upendeleo kwa kuwa na medali ya kampeni. Medali isipoandikwa, pointi huna. Anachukua nafasi mwingine.

Nilichofanya: nilijaza fomu DD 149, ile ya kuomba rekodi irekebishwe, nikaituma moja kwa moja kwa bodi ya jeshi la nchi kavu. Nikasubiri miezi. Jibu likawa kwamba kosa la aina yangu linarekebishwa kwanza kiutawala, kule Fort Knox kwenye kamandi ya utumishi, na bodi ni kwa lile lililoshindikana huko. Hapa ndipo wengi tunapopotezea muda. Nikaanza upya. Niliambatanisha amri ya kupelekwa vitani, fomu DA 638 ya ile medali ikiwa na saini ya kamanda, na karatasi za mshahara, zile LES, za miezi yote 9. Hizo LES ndizo zilizoniokoa. Zinaonyesha posho ya hatari, hadi dola 225 kwa mwezi, na mshahara usiokatwa kodi. Jeshi linaweza kusahau ulikuwa wapi, lakini likikulipa linaandika.

Kilichokuja ni DD 215. Msitarajie DD 214 mpya. Ni karatasi moja, ina mistari michache tu: kisanduku 12f, futa hiki, weka hiki, kisanduku 13, ongeza hizi. Unaibana pamoja na ile ya zamani, na kila unapotoa moja unatoa na nyingine. Niliisoma nimesimama kwenye sanduku la barua, barabarani, nikaisoma tena. Mke wangu alitoka nje akidhani nimepata habari ya msiba.

Karibuni na yenu.

Nesi wa Nakuru

Asante sana ndugu Mkwaju kwa kufungua hii.

Yangu ilikuwa jina. Mnajua sisi Kenya hatuna mambo ya jina la ukoo vile Wazungu wanataka. Siku ya kuandikishwa, herufi moja ya jina la baba ikaruka, na hiyo herufi ikanifuata miaka 6 yote nikiwa medic, yaani askari wa huduma ya kwanza. Kitambulisho kinasema hivi, cheti cha uraia kinasema vile. Hilo la herufi lilirekebishwa, kwa sababu nilikuwa na pasipoti ya Kenya, cheti cha kuzaliwa na nakala ya DD 4, yaani ule mkataba wa kuandikishwa, ambayo ukurasa mmoja ulikuwa na jina sawa na mwingine na makosa.

Lakini nilitaka pia waweke jina la mume wangu, niliyeolewa naye baada ya kutoka jeshini. Hapo nikakataliwa, na sasa naelewa kwa nini. DD 214 ni kumbukumbu ya jina ulilotumikia nalo. Ukibadilisha baadaye kwa ndoa au kortini, kwa kawaida hawagusi. Unaweka cheti cha ndoa pamoja nayo, basi. Nililia bure miezi minne na hela ya wakili ikaenda. Dada zangu mlioolewa, msilipie wakili kwa hilo.

Mtoto wa Bukavu

Miye yangu haijaisha, naomba mnivumilie.

Nilikuja Amerika kama mkimbizi mwaka 2014, toka kambi ya Uganda. Nikaingia jeshi. Irak, roketi ilianguka karibu na mahema yetu usiku. Sikutoka damu. Masikio yalilia siku tatu, kichwa kikauma, nikatapika. Medic wetu aliniangalia na tochi ndani ya macho, akaniambia nilale, asubuhi nirudi. Asubuhi nilirudi kazini. Hakuna aliyeandika kitu. Sasa miaka inapita, nasahau maneno katikati ya sentensi, hata majina ya watoto wangu. Daktari anasema ubongo ulitikisika. Kwa Purple Heart, ile medali ya waliojeruhiwa na adui, wanauliza: karatasi ya matibabu ya wakati ule iko wapi?

Nilikuwa nimekata tamaa. Kilichonirudishia moyo ni habari ya Al Asad, kambi iliyokuwa na askari wa Marekani kule Irak. Makombora ya Irani yalipiga ile kambi tarehe 8 Januari 2020, mwanzoni ikasemwa hakuna aliyeumia. Baadaye zaidi ya askari 100 wakapatikana na mtikisiko wa ubongo. Wengine hawakupewa Purple Heart mara ya kwanza, kesi zikaangaliwa upya, na mwisho wa 2021 jeshi la nchi kavu likaidhinisha 39 nyingine. Kumbe wanaweza kurudi nyuma. Nimeanza kutafuta watu wa platuni yangu mmoja mmoja. Ninyi mliofanya, maandishi ya shahidi yanatosha?

Mkwaju wa Tanga

Ndugu yangu wa Bukavu, pole sana, na usiache. Maneno ya shahidi peke yake ni mepesi kwa Purple Heart, maana sharti ni jeraha lililosababishwa na adui na lililotibiwa na mtu wa tiba. Kwa hiyo shahidi wako mkubwa ni yule medic mwenyewe. Mtafute huyo kabla ya wengine. Aandike alichokiona kwenye macho yako, saa ngapi, mlikuwa wapi, alikuambia nini. Asiandike kwamba ulikuwa askari hodari, hilo halikusaidii hapa.

Kuhusu muda: sheria inataka uombe ndani ya miaka 3 tangu ugundue kosa, lakini bodi ina ruhusa ya kusamehe kuchelewa kwa ajili ya haki. Eleza umegundua lini na kwa nini hukujua mapema. Na tafadhali nenda kwa afisa wa huduma za wastaafu wa jeshi wa kaunti yako, au vyama vya wastaafu wa jeshi kama American Legion, VFW, DAV. Hawatozi hata senti. Wapo watu wanaowadai wenzetu maelfu kwa kujaza kurasa hizi, inaniuma sana.

Dada wa Minneapolis

Shikamooni wakubwa. Mimi sijawahi kuvaa gwanda. Natunza wazee majumbani, kazi ambayo wengi wetu huku tunaijua. Lakini hii stori naibeba moyoni.

Nilikuwa namtunza mzee mmoja aliyepigana Korea. Nilimwita Babu, akauliza maana yake, tangu hapo akawa hataki kuitwa vingine. Kila Novemba, siku ya wastaafu wa jeshi, shule ya jirani ilialika wazee wavae medali zao. Babu alikuwa hataki kwenda. Siku moja namkata kucha za miguu, akaniambia hana medali hata moja. Nyumba yao iliungua miaka ya sitini. Na alipoandika barua kuomba nyingine, akajibiwa faili lake nalo limeungua. Alidhani wanamfanyia mzaha. Nyumba imeungua na faili limeungua?

Nikasoma, na ilikuwa kweli. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka kwenye jengo la kumbukumbu za wanajeshi pale St. Louis. Yaliteketea mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa jeshi la nchi kavu, waliotoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, karibu asilimia 80 ya rekodi zao zilipotea. Hapakuwa na nakala. Babu alitoka 1953.

Lakini kumbe yule aliyemjibu zamani hakumweleza yote. Faili linaweza kujengwa upya kwa vipande: hati ya malipo ya mwisho, taarifa za kila asubuhi za kikosi zilizoandika nani yupo, nani mgonjwa, nani kahamishwa, na orodha za waliolazwa hospitali. Binti yake akanipa ruhusa nimsaidie. Tukajaza fomu SF 180, ile ya kuomba rekodi za jeshi. Lazima isainiwe na mwenyewe, au ndugu wa karibu kama mwenyewe amefariki. Mkono wa Babu ulikuwa unatetemeka, tuliharibu fomu tatu. Ya nne akashika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, mpaka likakamilika.

Kilichosaidia zaidi ni yeye kukumbuka vitu vidogo. Tarehe alikuwa hazikumbuki. Lakini alikumbuka kampuni yake, herufi na namba ya rejimenti, na kwamba alilazwa kwa baridi iliyomkausha vidole wakati wa Krismasi. Niliandika yote. Baada ya miezi ikaja karatasi ya kuthibitisha kwamba alitumikia, inayokubalika badala ya zile zilizoungua. Halafu, baada ya muda mrefu, kisanduku cha kadibodi. Medali hazilipiwi, anapewa bure askari mwenyewe.

Niliifungua mimi kwa mkasi wa jikoni. Ile ya Korea utepe wake ni wa bluu mpauko na mstari mweupe katikati. Akaishika, akaigeuza nyuma, akaninyooshea nimbandike kwenye pajama yake. Nikamwambia Babu ngoja tukuvalishe shati. Akakataa. Akanywa uji wake wa shayiri amevaa pajama na medali.

Alienda kule shuleni mara moja tu. Aprili iliyofuata akatutoka, na askari wawili wakakunja bendera mbele ya binti yake.

Nesi wa Nakuru

Dadangu, umeniliza nikiwa kazini. Mungu akubariki kwa huyo mzee.

Mjukuu wa Keya

Naomba na mimi niweke la upande wa Mwingereza, maana babu zetu wengi walikuwa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika, na walipelekwa Burma.

Babu yangu mzaa baba alikuwa kwenye divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita bonde la Kabaw wakati wa mvua za 1944 mpaka mto Chindwin. Sisi wajukuu tulikuta cheti chake cha kuachiliwa kimekunjwa mara nne ndani ya mkebe wa Kimbo, mikunjo imetoboka. Medali hazipo, na bibi alisema aliuza wakati wa njaa. Niliyojifunza ni haya: medali za Mwingereza za vita ile hazikuchongwa jina. Kwa hiyo ukiikuta Burma Star, medali ya waliopigana Burma, sokoni huwezi kusema hii ni ya babu. Ushahidi uko kwenye cheti tu. Na makarani waliandika majina yetu walivyoyasikia, babu ana tahajia tatu tofauti kwenye karatasi moja! Ukiandikia ofisi ya medali ya wizara ya ulinzi ya Uingereza, tanguliza namba yake ya jeshi, jina liwe la pili. Piga picha cheti leo, kabla mikunjo haijala herufi.

Medali hazikuwa jambo pekee walilopunjwa wazee wale. Malipo ya kuagwa jeshini yalipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akapata sehemu ndogo ya alichopata Mzungu wa cheo kilekile. Wengi wamekufa hawakujua.

Dereva wa Lemonnier

Wakuu, swali la haraka. Mimi nilikuwa Djibouti 2017 na wiki chache Manda Bay kule Lamu. DD 214 yangu haina medali yoyote ya nje. Niliambiwa Afrika haihesabiwi. Kweli?

Mkwaju wa Tanga

Si kweli mkuu. Djibouti na Kenya zimo kwenye maeneo ya Global War on Terrorism Expeditionary Medal, medali ya waliotumwa nje kwenye vita dhidi ya ugaidi, mradi ulikaa siku 30 mfululizo au 60 za vipande. Tafuta LES zako na amri ya safari. Tuma nakala, za asili zisitoke mkononi mwako.

Mtoto wa Bukavu

Narudi. Nimempata medic. Anaishi Oklahoma, ameacha jeshi, anafundisha shule. Nilipotaja jina langu kwa simu alinyamaza, kisha akasema anakumbuka ile tochi, betri yake ilikuwa inakufa, alilazimika kuigongagonga ndiyo iwake. Miye nilikuwa nimesahau hilo la betri. Ataandika na kusaini Jumamosi mbele ya mthibitishaji.