Msaada: nukuu moja au nukuu mbili kwenye skripti ya Vim?

Mbonyezaji
Wakuu, habari za muda huu. Nina fanksheni ndogo kwenye vimrc (faili la mipangilio ya kihariri Vim) inaninyima usingizi. Nataka kila nafasi iliyo ndani ya jina la faili itanguliwe na bakslashi (`\`). Nikiandika hivi:

`substitute(jina, ' ', "\\ ", 'g')`

jina linatoka vilevile lilivyoingia. Nikiweka `'\\ '` inakubali. Sihitaji mjadala mrefu, niambieni tu: nitumie nukuu moja kila mahali yaishe?

Mzee wa Regeksi
Stringi yako inatafunwa mara mbili. Ndani ya nukuu mbili Vim inasoma `\\` na kubakiza bakslashi moja. Kisha `substitute()` nayo ina sheria zake kwenye sehemu ya mbadala: ikikuta bakslashi mbele ya nafasi, inaimeza bakslashi na kuacha nafasi. Unabaki mikono mitupu. Ndani ya nukuu moja hakuna kinachotafsiriwa isipokuwa `''`, kwa hiyo `substitute()` inazikuta bakslashi zote mbili, inakuachia moja. Yote yamo kwenye `:help literal-string` na `:help sub-replace-special`.

Ila nukuu moja kila mahali, hapana. Ukitaka `\n` iwe mstari mpya, lazima nukuu mbili. Halafu, jina hilo linakwenda wapi baada ya hapo?

Mbonyezaji
Linakwenda kwenye `execute`, ile inayoendesha stringi kama amri. Shukrani mkuu, nimekupata.

Kidole Juu
Hizo bakslashi afadhali. Mimi nilitolewa jasho na `==`. Skripti inalinganisha maneno vizuri kwa jamaa yangu, kwangu inasema "Ndiyo" na "ndiyo" ni kitu kimoja. Kumbe nilikuwa nimewasha `ignorecase`, mpangilio usiojali herufi kubwa na ndogo, na `==` inaufuata. Tangu hapo ni `==#` tu, hata usingizini.

Mzee wa Regeksi
`execute` ya amri gani, Mbonyezaji?

Mbonyezaji
Ya kushughulikia mafaili yaliyopitwa na wakati.

Mzee wa Regeksi
Kuyashughulikia vipi?

Mbonyezaji
Kuyafuta. Ni `rm`, amri ya kufuta ya sheli (programu inayopokea amri za kompyuta), lakini tafadhali msianze. Majuzi ilipewa `ripoti ya mwisho.txt`, ikafuta faili jingine kabisa linaloitwa `ripoti`, na lililokusudiwa likabaki. Ndiyo maana naongeza bakslashi. Kubadilisha utaratibu mzima siwezi, wenzangu kazini nimeshawagawia na wanaitumia. Hii hapa yote:

```
function safisha(jina)
  let salama = substitute(a:jina, ' ', '\\ ', 'g')
  execute '!rm ' . salama
endfunction
```

Bi Taratibu
Yaani umewagawia watu `rm` kabla hujajua nafasi moja inaweza kufanya nini? Mwanangu, kitu kinachofuta hakijaribiwi kwenye kazi za watu. Haraka zenu hizi.

Nondo
Wakuu, hii ni chai. Vim haikubali fanksheni ya mtumiaji inayoanza na herufi ndogo, ingemrushia kosa E128 pale pale. Hiyo `safisha` haijawahi kufuta hata nzi. Jamaa katunga, nasi tunamtungia majibu.

Kidole Juu
Hata mimi nimeshtuka. Na `rm` isingenyamaza, ingelalamika kwamba `ya` haipo na `mwisho.txt` haipo.

Mbonyezaji
Ililalamika, sikusoma. Yale maneno yakitokea chini mimi nabonyeza Enter. Na jina ni `s:safisha`, nimeandika kwa simu nikaikata `s:` inayoruhusu herufi ndogo. Nitunge ili nipate nini?

Nondo
Chai na vitafunio.

Mzee wa Regeksi
Chai au maji, atakayeupitia uzi huu anahitaji jibu. Kukinga nafasi peke yake hakutoshi. Mtu akikuletea faili linaloitwa `a; rm *`, sheli itaikuta hiyo nukta-mkato na kuanza amri ya pili. Likiitwa `punguzo 50%.txt`, Vim yenyewe itaitoa `%` na kupachika jina la faili ulilofungua kabla sheli haijaona kitu. Kama ni lazima upite kwenye `:!` (njia ya Vim ya kuita sheli), andika `shellescape(a:jina, 1)`. Hiyo 1 ndiyo inayokinga `%`, `#` na `!`.

Lakini hapa sheli ya nini? Vim ina `delete(a:jina)`. Inapokea jina kama lilivyo, huhitaji bakslashi wala `execute`.

Mbonyezaji
Naelewa, ila yangu nimeijaribu kwa majina yenye nafasi na imekubali. `delete()` nitaiweka toleo lijalo.

Bi Taratibu
Na wenzako wafute nini wakisubiri toleo lijalo?

Mbonyezaji
Haya basi, nimeiweka, na nimewatumia. Ila nikiandika `:echo delete('ripoti ya mwisho.txt')` inaniletea 0. Si ndiyo imekataa hiyo?

Mzee wa Regeksi
Hapana, 0 ni imefaulu. Ikishindwa inarudisha -1. Kwa hiyo ndani ya fanksheni unaweza kuandika `if delete(a:jina)` halafu `echoerr`, na hapo hata anayebonyeza Enter bila kusoma ataona wekundu. Angalia folda, faili halipo tena.

Nondo
Kama liliwahi kuwepo.