Kutaka kuacha kutaka si ni kutaka kulekule?

mkesha_tu:
Wakuu kwema? Nasoma mambo ya Buddha mwezi wa pili huu, sibadili dini wala nini, niliachana na mtu usingizi ukanigomea nikawa natafuta popote pa kujishikiza. Sasa nimefika kwenye zile kweli nne, kwamba dukkha (yaani mateso) ipo, chanzo chake tamaa, inaweza kuisha, na njia ya kuimaliza ipo. Hapo kwenye tamaa ndo nimekwama. Kila asubuhi nakunja miguu dakika 20 nahesabu pumzi, huku kichwani leo lazima nimsahau, leo lazima nimsahau, nikimaliza tu nachungulia simu kama katuma meseji. Sasa si nina tamaa ya kuacha tamaa? Naona kama jamaa katupiga changa la macho 😅

Nyundo7:
Ndo maana mi hayo mafundisho siyaelewagi. Eti maisha ni mateso, usitake kitu. Sasa unaishi ili iweje, si bora ulale tu.

kiti_cha_nyuma:
Nyundo7 taratibu mkuu. Buddha hakusema usitake kitu. Neno lenyewe kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, ni tanha, maana yake kiu, na kwenye hotuba yake ya kwanza kule Sarnath, India, aliwatajia wale watawa 5 kiu za aina tatu, kiu ya raha, kiu ya kuwa, na kiu ya kutokuwa yaani kutaka kitu kisiwepo kabisa. Mleta mada hiyo "lazima nimsahau" yako ndo hiyo ya tatu, umehama chumba ila nyumba ni ileile. Na hotuba hiyohiyo imetaja kutengana na umpendaye kuwa ni dukkha, kwa hiyo wala hujakosea kuumia.

Swali lako nalo ni la zamani sana. Kuna brahmani mmoja (mtu wa tabaka la makuhani huko India), Unnabha, alimuuliza Ananda, mwanafunzi wa Buddha, hivyohivyo, utaondoaje tamaa kwa kutumia tamaa, si hutafika mwisho. Ananda akamuuliza, kabla hujaja hapa bustanini ulikuwa na hamu ya kuja? Akasema ndio. Na ulipofika ile hamu iko wapi? Imeisha. Basi. Hamu ya kwenda mahali inakwisha ukifika, kiu inakunywa na bado inabaki kiu. Ndo maana kwenye ile njia ya kumaliza dukkha, yenye mambo 8, juhudi sahihi imo, kama kila kutaka ni kosa juhudi ingewekwa ya nini?

Nyundo7:
Mmh hiyo ya bustani nimeikubali kidogo. Kidogo.

mkesha_tu:
Sawa ila yeye bustani yake ina geti, hii yangu geti silioni.

polepole_bi:
Mi siyo msomi kama huyo wa hapo juu ila kuna ule mfano wa mishale miwili, kwamba mtu anachomwa mshale, halafu anachomwa wa pili juu yake, wa kwanza ni maumivu yenyewe na wa pili ni vile unavyoyalilia. Niliuelewa usiku jino linauma na dawa sina. Saa nane nikajaribu kulisikiliza tu, linapiga, linatulia, linapiga, nikagundua kinachoninyima usingizi zaidi ni hesabu za kichwani, kesho nitafanyaje kazi, kwanini nilipuuza, kwanini mimi. Jino halikupona ng'o, nilienda likang'olewa, ila zile hesabu zilipungua nikapata hata lisaa la kulala. Wewe mdogo wangu usimsahau mtu, anza kwa kuiweka simu chumba kingine.

mkesha_tu:
Mrejesho. Leo simu nimeiacha jikoni, dakika 20 nzima nasikia friji inanguruma. Nilipomaliza nikaenda kuichungulia kama kawa 😂 ila katikati ya korido nikajiona kabisa, huyu hapa anaenda kuchungulia. Hakuna meseji. Nikachemsha chai.