Naomba msaada kumtambua trilobiti huyu wa Kambri: pingili 14, mashavu hayapo

Gambajeusi:
Wakuu, habari zenu. Nina kisukuku cha trilobiti (mnyama wa baharini wa kale mwenye gamba la pingili) nilichopewa zawadi. Kibandiko kinasema tu "Kambri ya Kati, tabaka la Wheeler, Utah", yaani kipindi cha kale sana cha dunia kiitwacho Kambri; jina la spishi hakuna. Urefu milimita 26, rangi nyeusi, kimekaa juu ya jiwe la kijivu. Kichwa ni nusu duara, macho madogo, mkia mdogo. Nimehesabu pingili 14 za kiwiliwili na kupekua picha mpaka macho yameuma, simwoni anayelingana. Tena mashavu ya kichwa pamoja na pembe zake zote mbili hayapo, kama yamekatwa kwa mkasi, hivyo nadhani kimevunjika. Rafiki yangu anang'ang'ania ni Phacops. Halafu kina uchafu mweupe ubavuni, nikiloweke kwenye siki?

Mwambalaini:
Siki weka mbali kabisa! Gamba la trilobiti ni kalsaiti (madini ya chokaa), na siki inaila kalsaiti. Huenda hata huo "uchafu" ni kalsaiti. Tumia brashi laini iliyo kavu, ikishindikana kiache kilivyo.

Rafiki yako mwambie Phacops ni wa Devoni, kipindi cha baadaye, zaidi ya miaka milioni 80 baada ya jiwe lako. Ana pingili 11, na macho yake ni makubwa kiasi kwamba lenzi mojamoja unaziona bila darubini.

Kokoto:
Mimi nasema Olenellus. Wa Kambri, mkia mdogo, kazi imekwisha.

Bi Tabaka:
Kokoto ndugu yangu, taratibu. Olenellus ni wa Kambri ya mwanzo, na macho yake ni marefu, yamepinda kama mwezi mwandamo. Pingili yake ya tatu ina miiba mirefu kupita wenzake. Zaidi ya yote, kichwa chake hakina mishono ya uso (mistari ambapo gamba la kichwa hufunguka), kwa hiyo mashavu hayawezi kubanduka vile.

Na hapo ndipo penye jibu lako, Gambajeusi. Hakijavunjika. Trilobiti alikuwa akijivua gamba kila anapokua, na kwa wengi kichwa kilifunguka kwenye mishono miwili inayopita kandokando ya macho. Mashavu yakabanduka, mnyama akatoka, gamba likabaki. Sasa angalia mshono unaishia wapi. Ukitokea ukingo wa nyuma wa kichwa, kwa ndani ya pembe, basi shavu likiondoka linaondoka na pembe na mwiba wake. Ndivyo ulivyoeleza. Kwa jamaa wa Phacops mshono hutokea ubavuni, mbele ya pembe, na pembe hubaki.

Pingili hesabu upya, safari hii uanzie mkiani. Nyuma ya glabela, ule uvimbe wa katikati ya kichwa, kuna pete moja inayofanana sana na pingili, lakini ni sehemu ya kichwa. Karibu kila mgeni huijumlisha (mimi niliijumlisha mwaka mzima). Vipande vya mkia navyo usivihesabu, vimeungana kuwa ngao moja.

Gambajeusi:
Nimehesabu mara tatu kwa lenzi, taa nikiilaza ubavuni ili mifereji itoe kivuli. Ni 13! Na mshono unatokea nyuma kabisa.

Bi Tabaka:
Basi ni Elrathia kingii. Pingili 13, glabela inayosinyaa kuelekea mbele na kuacha uwanja mpana kabla ya ukingo, mkia mdogo: vyote vinakubaliana, na tabaka la Wheeler limejaa hao. Mwenzake wa hapohapo wa kuchanganya naye ni Asaphiscus wheeleri, ila huyo mkia wake ni mpana, wenye ukingo bapa, na pingili zake hazifiki 13. Umri ni kama miaka milioni 507. Familia andika Alokistocaridae, oda Ptychopariida, ingawa oda hiyo kwa maoni yangu ni kapu la kutupia kila asiyejulikana pa kuwekwa.

Gambajeusi:
Asante sana, dada. Moja la mwisho. Pembeni kuna kidude cha milimita 5 chenye pingili 2 tu. Ni mtoto wake?

Mwambalaini:
Watoto huanza na pingili chache kweli, huongezeka kila wakijivua gamba. Mkia wake una ukubwa gani?

Gambajeusi:
Sawa na kichwa. Hata sijui mbele ni wapi. Macho siyaoni.

Bi Tabaka:
Huyo si mtoto, ni agnostidi (kundi la viumbe wadogo wa enzi hizo) aliyekomaa. Pingili 2 ndizo zake za maisha, na macho hana. Kichwa ni upande ambao glabela imekatwa na mfereji, kipande kidogo mbele na kirefu nyuma, na vipembetatu viwili vidogo kwenye kitako chake. Kama ni trilobiti wa kweli au la, wataalamu bado wanavutana. Mpige picha kwa taa ileile ya ubavuni, kisha umfungulie uzi wake.