A- ya pointi 77, karo hakuna: ufadhili wa alama unapatikana wapi?

Mjomba_Kisauni

Assalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yametoka na mpwa wangu, binti, amepata A- ya pointi 77: hesabu A, fizikia A-, kemia na Kiingereza B+. Anataka uhandisi wa umeme. Mamake anauza samaki Kongowea, babake hayuko. Kila ninayemwambia ananijibu "kwa alama hizo skolashipu zimejaa". Zimejaa wapi, jamani? Nataka zile zinazotolewa kwa alama, si za kujuana na mheshimiwa. Aanzie wapi, karatasi gani zitafutwe sasa, na je, inafaa akae mwaka mmoja nyumbani akiomba za nje?

Mwalimu_Tudor

Wa aleikum salaam, mjomba. Hongera kwa binti na kwa mamake.

Kwanza nikuepushie kuzunguka bure. Ufadhili wa alama tupu, mtu alipiwe kila kitu kwa kuwa tu amefaulu, ni mchache sana hapa Kenya. Nyingi ya zile watu wanazotaja hutazama alama ili kukuingiza kwenye foleni. Ukishaingia, anayechukua ni mwenye uhitaji uliothibitishwa kwa karatasi. Kwa hiyo biashara ya samaki ya mamake si jambo la kuficha. Ielezwe, na ielezwe vizuri.

Pili, KUCCPS, ile ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, isiachwe hata kama moyo uko ng'ambo. Achague uhandisi wa umeme katika chuo cha umma, TUM (Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa) hapa mjini akiweka pamoja na vya bara, kisha ajaze maombi ya fedha kwenye tovuti ya HEF, ya ufadhili wa serikali wa elimu ya juu. Mfumo ulioanza 2023 hautazami alama kabisa. Unampanga mwanafunzi katika makundi matano kwa hali ya nyumbani. Kwa viwango vilivyotangazwa 2024, kundi la kwanza serikali hufadhili asilimia 70 ya karo, mkopo 25, nyumbani 5. Kundi la tano ni 30, 30 na 40. Mwenye A- aliyejaza fomu kwa haraka anaweza kuangukia kundi la nne, na mwenye C+ aliyeambatisha kila kitu akawa la kwanza. Pale penye baba, msiache wazi wala msijaze mapato ya kubahatisha. Kama amefariki weka cheti cha kifo, kama ametoweka weka hati ya kiapo na barua ya chifu. Kundi likitoka baya kuna nafasi ya kukata rufaa kwenye tovuti hiyo hiyo.

Mtego mmoja hapa: akichagua chuo cha kibinafsi kupitia KUCCPS, anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya serikali, lakini ule ufadhili wa serikali haupati. Wazazi wengi hugundua hilo wiki ya kuripoti.

Sasa zile zenye alama ndani yake. Equity Leaders Program, iliyoanza 1998, huchukua mvulana na msichana wanaoongoza KCSE maeneo yao, huwapa kazi ya mafunzo yenye malipo benki na kuwaelekeza kwenye vyuo vya nje. Kama binti ameongoza wasichana wa kaunti ndogo yake, aende tawi la Equity wiki hii na slipu mkononi, asisubiri kupigiwa simu. Kwa wasichana peke yao kuna Zawadi Africa. KenSAP nayo huchukua wenye alama za juu kabisa wasio na uwezo na kuwashika mkono katika maombi ya Marekani. Mastercard Foundation haina mlango mmoja: unaomba kupitia chuo husika, kwa mfano Ashesi kule Ghana au USIU hapa kwetu, kila kimoja na tarehe yake.

Basari za NG-CDF (mfuko wa eneo bunge) na za kaunti msizidharau, ila mzijue zilivyo. Ni hundi ndogo inayokwenda moja kwa moja chuoni na fomu yake hutaka mihuri. Hujaza pengo, haisomeshi mtu miaka mitano.

Bint_Makadara

Mjomba, kama mnasoma haya kabla ya 20 Februari, wekeni mengine kando mujaze Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, kwanza. Hufunguliwa 10 Januari, ni bure, na kwa shahada ya kwanza mwombaji awe hajafika miaka 21. Kiwango cha chini ni asilimia 70, udaktari 90. Hulipa karo, bweni, bima ya afya, posho ya kila mwezi na tiketi ya kwenda na ya kurudi mwisho wa masomo. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kituruki, na ni lazima afike kiwango cha juu cha lugha kiitwacho C1. Asipofika, ufadhili unamponyoka, kwa hiyo asiende akidhani mwaka huo ni wa kupumzika.

Cheti chenyewe cha KCSE bado hakijatoka, lakini slipu yenye muhuri na sahihi ya mwalimu mkuu hukubalika kwa kuomba. Asibuni asilimia zake mwenyewe. Ajaze alama kama zilivyo kwenye slipu. Wanaokosa mara nyingi hukosea kwenye insha, maana wote wanaandika "nataka kuisaidia jamii yangu". Aandike ni tatizo gani la umeme analotaka kulishughulikia na kwa nini chuo alichokichagua kinafundisha hilo.

Ya Hungary, Stipendium Hungaricum, kwa kawaida hufungwa katikati ya Januari, siku chache tu baada ya matokeo ya KCSE, kwa hiyo ni ya mwakani. Nayo ina maombi mawili: kwao Hungary na kwa Wizara yetu ya Elimu inayoteua. Ukikosa moja, jingine halina maana. Karo wanalipa yote, lakini posho ya shahada ya kwanza ni forinti 43,700 kwa mwezi, kama shilingi 15,000 hadi 17,000, na mchango wa malazi forinti 40,000. Mtu haishi Budapest kwa hizo peke yake. Watu huita "kamili", mimi siiti hivyo.

Fundi_Mitambo

Kwa uhandisi nashangaa hakuna aliyetaja Japani. Ufadhili wa MEXT, wizara ya elimu ya Japani, kupitia ubalozi ni mojawapo ya michache ambapo alama za mtihani ndizo zinazoamua kwa kiasi kikubwa. Posho ni yeni 117,000 kwa mwezi, karo na tiketi juu yao, miaka mitano ukihesabu ule wa lugha. Matangazo hutoka kati ya Aprili na Juni, mtihani hufanyiwa Nairobi. Kwa uhandisi yamo hesabu, Kiingereza, fizikia na kemia.

A ya KCSE haimtoshi mtu kwenye ile karatasi ya hesabu. Ukokotoaji (calculus) wetu wa kidato cha nne unaishia mapema; wao wanaingia ndani zaidi, pia kwenye logarithimu, mfuatano wa namba na uwezekano. Karatasi za miaka iliyopita ziko bure kwenye tovuti yao ya masomo. Afanye moja kwa saa kamili leo, bila kujiandaa, aone pengo liko wapi. Akipata nusu ana kazi ya kufanya lakini yumo. Akipata robo, asikate nauli ya Nairobi mwaka huu.

Mhasibu_Nyali

Nitazungumzia Marekani na Kanada, kwa sababu huko ndiko neno "ufadhili wa alama" linakowachanganya watu.

Vyuo vikubwa kama MIT, Harvard, Yale na Princeton havitoi hata senti kwa ajili ya alama. Vinatoa kwa uhitaji, na hivyo vinne havimpunguzii mgeni nafasi ya kukubaliwa kwa sababu anaomba pesa. Ukikubaliwa wanafunika uhitaji wote. Ugumu ni kukubaliwa. Vyuo vya huko vya daraja la kati ndivyo vinavyotoa ufadhili wa alama, kwa sababu vinawania wanafunzi wazuri, na hapo ndipo hesabu inapowashinda watu. Tuseme chuo ni dola 52,000 kwa mwaka kwa jumla na barua inasema "hongera, umepata dola 18,000 kila mwaka". Inapendeza machoni. Zinabaki 34,000. Kwa shilingi 129 ni 4,386,000, na ni kila mwaka. Hiyo barua ni punguzo la bei, basi. Usitazame walichotoa, tazama kilichobaki, na uweke ndani chakula, bima, vitabu na nauli.

Hata karo ikilipwa yote, malazi na chakula ya dola 14,000 ni shilingi 1,806,000. Na chuo kikilipa hayo malazi kama ufadhili, serikali ya Marekani humkata mwanafunzi wa viza ya F-1 kodi ya asilimia 14 kwenye sehemu hiyo. Ni dola 1,960 hapo. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumwokoa. Familia huambiwa "kila kitu kimelipwa", kisha bili hii inatokea muhula wa kwanza. Uliza kwa barua pepe kabla ya kukubali: nani analipa hiyo kodi? Uliza pia wastani gani lazima audumishe. 3.0 kati ya 4.0 ni kawaida, lakini kuna wanaotaka zaidi, na uhandisi mwaka wa kwanza hushusha wastani wa wengi.

Kuhusu kukaa mwaka: kwa Marekani ni karibu lazima. Maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa Januari na KCSE hutoka Januari hiyo hiyo. Kwa hiyo aanze Agosti hii kwa ajili ya mwaka ujao. Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kuna ufadhili wa Lester B. Pearson, hulipa karo, vitabu, ada na malazi miaka minne kwa wanafunzi kama 37 kwa mwaka. Lakini ni shule inayoteua, mmoja tu, na wanataka aliye mwaka wa mwisho au aliyemaliza juzijuzi. Kwa kalenda yetu maana yake ateuliwe vuli ya kidato cha nne, mtihani ukiendelea. Binti wako ameshapitwa, lakini mwambie mwalimu mkuu ajisajilishe kwa ajili ya walio nyuma yake.

SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, sasa hufanywa kwa kompyuta, na simu haifai. Msamaha wa ada ya SAT ni kwa wanafunzi wa Marekani, msijisumbue kuuomba. Mazoezi ya Khan Academy ni bure na yanatosha. CSS Profile, fomu ya hali ya kifedha, ni dola 25 chuo cha kwanza na 16 kila kinachofuata. Vyuo kadhaa hutoa namba ya msamaha ukiandika barua pepe ya mistari mitatu. Na ombeni shule iambatishe karatasi moja inayoeleza alama zetu: 2024 waliopata A nchini walikuwa 1,693 kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000. Afisa wa huko akiona B+ bila maelezo hayo, anaipima kwa mizani ya kwao, ambako A ni kitu cha kawaida.

Mjomba_Kisauni

Shukrani nyingi. Mawili zaidi. Mamake hana slipu ya mshahara, atathibitishaje mapato? Na cheti cha kuzaliwa kina majina manne, slipu ya KCSE ina matatu. Halafu kuna ofisi moja mjini inataka 35,000 "kumfungulia faili" ya Kanada.

Mwalimu_Tudor

Hiyo ofisi iache. Ufadhili wa kweli hautozi pesa ya faili, na huhitaji mtu wa katikati. Uasin Gishu wazazi walilipa pesa nyingi kwa mpango wa Finland na Kanada, na huo ulikuwa na jina la serikali ya kaunti juu yake, ukaishia mahakamani.

Mapato: chukua taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 ya mamake kupitia *334#, inakuja kwa barua pepe. Weka na barua ya chifu inayosema anafanya biashara gani na ana wategemezi wangapi, kisha karatasi moja yake mwenyewe: mauzo ya wiki, gharama ya samaki na barafu, kilichobaki. Tahadhari, pesa zinazopita kwenye M-Pesa ya mchuuzi si mapato yake. Bila ile karatasi mtu ataona laki mbili zimeingia kwa mwezi na kudhani ni tajiri. Namba za HEF, CSS na barua ya chifu zifanane. Zikipishana, hutiliwa shaka zote.

Majina: haya ya baba na babu yanatusumbua sana sisi watu wa Pwani. Nendeni kwa wakili mkaape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, mtoe nakala kadhaa zenye muhuri, na moja iambatane na kila ombi. Pasipoti aombe sasa kwenye e-Citizen, asingoje kukubaliwa. Akishaipata, jina lililo kwenye pasipoti ndilo ajazie kila fomu kuanzia hapo, herufi kwa herufi, hata kama babu ataonekana ndiye jina la ukoo. Kwenye SAT jina lisipolingana na kitambulisho anachoonyesha, humrudisha mlangoni.